Mfano mmoja hautoshi

Mhariri, huku Dodoma watoto wanafundishwa umeme kwa mfano wa maji kwenye bomba, poa, ila mwalimu akishautaja anahamia kwingine. Mwaka 1980 kule Marekani wanasaikolojia Gick na Holyoak waliwapa watu fumbo la kuua uvimbe kwa mionzi bila kuunguza sehemu nzima za mwili zilizo karibu nao (jibu: mionzi hafifu toka pande nyingi), kabla yake wakawasimulia jenerali aliyegawa jeshi likavamia ngome kwa njia nyingi, na bado wengi hawakuunganisha mpaka waambiwe jamani itumieni ile hadithi! 1983 wakaona ukiwapa hadithi mbili wazilinganishe wenyewe ndo wengi zaidi wanapata. Sasa walimu, si muwaulize watoto hii na ile zinafanana wapi?

Mzazi, Area C, Dodoma