Risala ya Klabu ya Uhasibu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi mliotoka mbali katika baridi hii ya Julai, shikamooni.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuacha kazi zako mjini na kuja kutusikiliza. Kwa wengi wetu wewe ni mhasibu wa kwanza mwenye CPA, yaani cheti cha mhasibu aliyefaulu mitihani ya bodi ya taaluma, kuzungumza naye ana kwa ana, na ndiyo maana tulikuomba wewe.

Klabu yetu ina wanachama 34 wa kidato cha tano na cha sita, wengi wa tahasusi ya ECA (uchumi, biashara na uhasibu), wachache wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati). Ilianza kwa swali lililotushinda sote: mhasibu akifika ofisini asubuhi, anafanya nini? Daktari tumemwona akipima wagonjwa, mwalimu tunaye kila siku. Mhasibu tulimjua kwenye dirisha la kulipia ada tu. Tuliona si sawa kuchagua kazi ya maisha kwa kuangalia dirisha, tukamwomba Mkuu wa Shule atukabidhi hesabu za duka la shule. Alikubali, na hatutasahau imani hiyo.

Katika mwezi wetu wa kwanza wa kazi hiyo tuliandika kila kitu: daftari la fedha, leja yenye akaunti zote, mwisho tukatoa urari, yaani orodha ya kuhakiki kwamba pande mbili za hesabu, debiti na krediti, zina jumla sawa. Debiti na krediti zikalingana, na fedha za kwenye sanduku zikalingana na daftari hadi shilingi ya mwisho. Tukashangilia. Kisha mwalimu wetu akasema, "Sasa nendeni mkahesabu rafu."

Tulikuwa tumenunua madaftari 300. Kitabu kilionyesha tumeuza 212, kwa hiyo yalitakiwa kubaki 88. Tulihesabu mara tatu, yakawa 61. Madaftari 27 hayakuwa na maelezo, na kwa bei ya shilingi 1,000 hizo ni shilingi 27,000. Siku mbili tulitazamana vibaya, na kuna mwenzetu aliyelia kwa kudhaniwa mwizi. Ukweli ulikuja kujulikana: yalichukuliwa kwa mkopo na wanafunzi wa kutwa, kwa ahadi ya "nitaleta Jumatatu", na hakuna aliyeandika. Muamala usioandikwa kabisa hauvurugi urari, kwa sababu haukuingia upande wowote. Sentensi hiyo tulikuwa nayo kwenye notisi tangu muhula wa kwanza. Tuliielewa siku tuliyomwomba radhi mwenzetu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hapo ndipo wengi wetu tuliamua. Tuliona kwamba hesabu zilizoandikwa vizuri humlinda mtu asiye na hatia.

Mwanachama mmoja anatoka Mbozi, kwa wakulima wa kahawa. Likizo iliyopita alikaa na baba yake wakasoma pamoja karatasi ya malipo ya msimu, mstari kwa mstari, wakakuta gharama ya magunia imekatwa mara mbili. Mzee alirudi na karatasi yake, akauliza kwa heshima, akarekebishiwa. Nyanda hizi zetu zinaishi kwa kahawa, chai ya Rungwe, kakao ya Kyela na mpunga wa Mbarali, na mazao mengi hupita kwenye vyama vya ushirika. Tunaamini huko ndiko mhasibu kijana anahitajika sana, ingawa wenzetu wengi huwazia benki tu.

Njia ya kufika huko tumeitafuta. Tunajua Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na kwamba baada ya shahada bado ipo mitihani yake. Tunajua pia Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi hapa Mbeya, na anayeishia kidato cha nne anaweza kuanzia astashahada. Hili tunawaomba wazazi walisikie, maana mtoto aliyekosa nafasi ya kidato cha tano huambiwa mapema mno kwamba safari imekwisha.

Tunayo maombi. La kwanza, na kubwa, ni utufungulie mlango wa ofisi yako. Likizo ya Desemba, wanafunzi wanne kwa siku tano, wakae pembeni waone vocha, yaani hati ya kuidhinisha malipo, inavyopita kutoka mkono hadi mkono. Watakaa kimya na watatunza siri. Tunaomba pia kompyuta moja yenye programu ya hesabu, hata iliyotumika, kwa kuwa mpaka leo tunatumia karatasi.

Na leo, kabla hujaondoka, tunaomba utupitishie macho daftari la duka. Liko mezani pako, pamoja na ukurasa wa yale madaftari 27. Hatukuuchana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa Kinyakyusa tunasema ndaga fijo, asante sana. Naomba kuwasilisha.