Digrii ya baiolojia inalipa wapi?

Mhariri,

Vijana wengi wa Mwanza huchukua digrii ya baiolojia wakidhani itawafikisha maabara ya hospitali. Haiwafikishi: huko wanatakiwa waliosomea sayansi ya maabara za tiba na kusajiliwa. Kufundisha nako kunadai masomo ya ualimu. Mzazi ayajue haya kabla ya kulipa ada ya miaka mitatu, maana deni la Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Pesa ya baiolojia hapa ziwani iko kwenye viwanda vya minofu ya sangara na, zaidi, kwenye vizimba vya nyavu vya kufugia sato. Mwenye samaki 1,000 wa gramu 100 anahitaji mtu wa kumwambia alishe asilimia 3 ya uzito wao, yaani kilo 3 kwa siku, na apime sampuli upya kila wiki mbili. Akikadiria kwa macho, chakula kinachozidi huzama, huoza na kumaliza oksijeni. Alfajiri samaki wanaelea wamekufa. Chakula ndicho gharama yake kubwa, kwa hiyo ushauri huo ataulipia. Tunawasihi wanafunzi waombe mafunzo kwa vitendo vizimbani tangu mwaka wa pili.