YAH: Kadi ya grafiki niliyouziwa kwa sifa isiyokuwa nayo

Wete, Pemba
20 Mei 2024

Kwa Meneja wa duka la kompyuta,
Darajani, Unguja

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mteja niliyenunua kwenu kadi ya grafiki ya GeForce GT 1030, memori GB 2, tarehe 19 Aprili kwa shilingi 265,000. Nakala ya risiti nimeiambatisha. Kadi haijafa. Nalitanguliza hili kwa sababu kila nikipiga simu dukani kwenu naulizwa swali lile lile: "Dada, kwani haiwaki?" Inawaka. Feni inazunguka, picha inaonekana. Ninacholalamikia ni kwamba niliuliza kitu kimoja kabla sijatoa pesa, yaani enkoda ya kubana video ya kurusha laivu, nikajibiwa "ipo", na haipo.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, upande wa wanawake. Wewe ni mtu wa hapa hapa, huhitaji kuelezwa sana. Siku ya kupamba mwanamme haingii ukumbini, na video ile haipelekwi kwa kijana yeyote wa studio akaifanyie kazi. Kwa hiyo napiga mwenyewe, nakata mwenyewe, na siku hizi narusha laivu mwenyewe, kwa linki wanayopewa jamaa wa kike tu walioko Muskat, Dubai na Uingereza. Ndilo pato langu kubwa msimu wa harusi ukianza Mfunguo mosi.

Kompyuta yangu ni ya mezani, ya maofisini, niliinunua ikiwa imetumika. Prosesa yake ni Core i3-9100F, na hiyo F ya mwishoni ndiyo iliyonifikisha kwenu. Prosesa ya Intel yenye F haina grafiki za ndani, kwa hiyo hata ile Quick Sync, sehemu ya kubana video ambayo Intel wamekuwa wakiitia kwenye prosesa zao tangu 2011, mimi sina. Bila kadi hata skrini haiwaki. Kadi yangu ya mwanzo ilikufa katikati ya Ramadhani.

Sasa niseme kwa nini niliuliza nilichouliza, maana kijana wenu alinijibu kama kwamba namuuliza rangi ya boksi. Video ya 1920 kwa 1080, fremu 30 kwa sekunde, ni pikseli zaidi ya milioni 62 kila sekunde, na zote lazima zibanwe kwa muundo wa video uitwao H.264 kabla hazijatoka kwenda kwenye intaneti. Ama zibanwe na prosesa, ama na enkoda iliyotengenezwa ndani ya chipu ya kadi kwa kazi hiyo tu. Kwa NVIDIA, ambao ndio watengenezaji wa kadi hii, enkoda hiyo ndiyo NVENC. Ikiwepo, prosesa inapumua. Isipokuwepo, prosesa ya kori nne kama yangu inabeba kamera mbili, sauti, maandishi, kurekodi na kurusha, yote kwa mpigo, mfano wa punda mmoja aliyefungwa gari mbili.

Ujumbe wangu wa WhatsApp wa tarehe 18 Aprili ninao, nanyi mnao. Niliandika: "Naomba kadi isiyotaka waya wa umeme wa ziada, pawasaplai yangu ndogo. Cha muhimu iwe na NVENC, narusha laivu. Pesa yangu haivuki 300,000." Hazikupita dakika mbili, jibu likaja: "GT 1030 dada. NVENC ipo, NVIDIA zote zinayo." Nikauliza tena, "Una hakika?" Nikaletewa dole gumba.

Si NVIDIA zote zinayo. GT 1030 ilitoka 2017, chipu yake ni GP108, na NVIDIA wenyewe kwenye jedwali lao la kadi zenye enkoda wameiandika kuwa haina. Inayo dekoda tu, yaani inaweza kuifungua video uitazame, lakini kuibana haiwezi. GTX 1050, ya familia hiyo hiyo, inayokula wati 75 na nyingi zake hazitaki waya wa ziada, inayo. Kwa hiyo waliotengeneza sina ugomvi nao, hawakunificha kitu. Na mimi nakubali kwamba ningelitafuta jedwali lile mwenyewe kabla ya kulipa, mambo yasingefika hapa. Lakini nilikuwa nazungumza na duka linalouza kadi, nikaona nimeshamuuliza mwenye kujua.

Mzigo uliteremka Mkoani kwa meli Jumaapili, ukaletwa Wete na gari ya abiria. Jumaatatu nikaifunga kadi, nikaifungua OBS, programu ninayorushia laivu, nikaenda kwenye orodha ya enkoda. Ikatoka x264 peke yake, ambayo ni prosesa hiyo hiyo kwa jina jengine. Nikapiga simu. Nikaambiwa nitie draiva mpya. Nikatia. Jumaanne nikaambiwa OBS yangu ni ya zamani. Nikaifuta, nikashusha mpya, bando langu mwenyewe. Jumaatano kijana akaniambia, "Itajitokeza yenyewe ukishaanza kurusha." Neno hili nililiandika kwenye daftari la kazi siku ile ile, kwa kuogopa kwamba baadaye ningedhani nimeliota.

Harusi ilikuwa Jumaamosi ya tarehe 27, kesho yake baada ya Sikukuu ya Muungano. Kuirejesha kadi Unguja na kupata nyengine katika siku tatu isingewezekana. Nikaenda ukumbini na kilichopo.

Naomba unisikilize hapa kidogo, ndipo penyewe. Bibi mzaa mama wa bibi harusi yuko Muskat, miguu haimruhusu kusafiri. Kule wamemwekea televisheni ukutani, wajukuu wamemzunguka, saa nne usiku kwao, kwetu saa tatu. Bibi harusi anatoka chumbani, mikono yake imejaa hina mpaka kwenye viwiko, ameinua mkono mmoja kushika mtandio. Hapo hapo chini ya skrini yangu maandishi yakageuka mekundu kwamba enkoda imezidiwa. Feni ya prosesa ikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Nikashusha picha kuwa 1280 kwa 720, nikafunga kamera ya pili, nikaacha kurekodi. Haikusaidia lolote la maana. Sauti ni kitu chepesi, kwa hiyo sauti ilipita bila ya kukatika. Vigelegele vilifika Muskat vyote. Bibi harusi hakufika. Walichokiona kule ni mkono ulioganda hewani na mtandio, kisha giza kidogo, kisha bibi harusi ameshakaa kwenye kiti na watu wanamtunza. Simu ikalia kwa mama yake ukumbini, na kwa kuwa alikuwa amesimama ubavuni kwangu niliyasikia maneno ya bibi: "Mbona mwanangu kaganda, kuna nini huko?"

Nusu ya malipo yangu, shilingi 150,000, niliirejesha usiku ule ule bila ya kudaiwa. Video ya kukata baadaye nayo ni ya kamera moja tu, kwa sababu ya kuacha kurekodi.

Nilipowaeleza haya mlinijibu kwamba tatizo ni intaneti ya Pemba. Na wiki iliyopita mkalirejea jibu hilo kwa nguvu zaidi, kuwa intaneti imesumbua nchi nzima. Hilo la nchi nzima ni kweli. Tarehe 12 Mei nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na sote tuliumia. Ila harusi ilikuwa wiki mbili kabla ya hapo. Tena OBS haichanganyi mambo haya: fremu zilizopotea njiani kwa sababu ya intaneti inazihesabu mbali, na zilizorukwa kwa sababu enkoda imechelewa inazihesabu mbali. Nimewapelekea faili la kumbukumbu la usiku ule. Zilizopotea njiani hazifiki hata asilimia moja. Zilizorukwa kwa kuchelewa ni asilimia 41. Lifungueni, si refu.

Kisha likaja hili, ambalo kusema kweli ndilo lililonifanya niiache simu nichukue kalamu. Mlisema mtanibadilishia, niongeze shilingi 90,000 nipewe Radeon RX 6400, "ya kisasa, ya 2022, hii haina maneno." Safari hii nilitazama kwanza. RX 6400 haina enkoda kabisa, na ndugu yake RX 6500 XT vile vile. AMD, wanaozitengeneza, waliiondoa kwenye chipu hiyo. Yaani nitoe pesa nyengine nitoke kwenye kadi isiyo na enkoda niingie kwenye kadi isiyo na enkoda! Siamini kwamba mlikusudia kuniibia. Naamini hapo dukani hakuna anayejua, na asiyejua anaona haya kusema hajui, basi jibu linakuwa "ipo".

Na kadi inayonifaa ipo, wala si ghali. GTX 1050 Ti au GTX 1650, za aina isiyotaka waya wa ziada, hata zikiwa zimetumika. Najua enkoda ya 1650 ya kawaida ni ya kizazi cha nyuma kuliko ya 1650 Super, kwangu haina neno, harusi si mpira. Au Quadro P400 au P620, vile vikadi vifupi vinavyotolewa kwenye kompyuta za maofisini. Watu wanavidharau kwa kuwa si vya gemu, lakini NVENC vinayo, havifiki wati 50, na nilipouliza bei ya P620 iliyotumika nilitajiwa chini ya hizo 265,000 nilizowapa nyinyi. Arc A380 ya Intel nayo niliifikiria, enkoda yake nzuri, mpaka muundo mpya wa video wa AV1 inabana, lakini inataka madabodi yenye Resizable BAR, yaani inayoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mara moja, na yangu ni ya zamani.

Ninachotaka ni kimoja katika viwili. Ama mnirejeshee shilingi 265,000 pamoja na 12,000 za kusafirishia, ama mnibadilishie kwa kadi moja katika nilizozitaja hapo juu, na ikizidi bei nitaongeza tofauti, ikipungua mtanirejeshea. Hasara ya harusi siwadai. Ile nimeimeza.

Najua kibao kilichopo ukutani kwenu kinasema bidhaa ikishauzwa hairejeshwi. Kibao hicho kingenifunga kama ningekuwa nimebadili mawazo. Sikubadili mawazo, nilitaja sifa niitakayo kwa maandishi, mkanithibitishia kwa maandishi, mkapokea pesa. Zanzibar ina sheria ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji ya mwaka 2018, na iko Tume ya Ushindani Halali wa Biashara inayopokea malalamiko ya watu kama mimi. Nakala ya barua hii, pamoja na risiti na mazungumzo ya WhatsApp, nimeziweka tayari. Zitakwenda huko ikiwa mpaka Jumaatatu ya tarehe 3 Juni sijapata jibu la maandishi. Nisingependa kufika huko. Pale Darajani nimekuwa nikinunua kwenu memori, betri za kamera na nyaya za HDMI bila ya tatizo hata siku moja.

Jengine dogo. Kwenye boksi la GT 1030 mmebandika karatasi yenu ya duka yenye maneno "Gemu, kuedit, laivu". Hayo hayamo kwenye boksi la kiwandani, ni yenu. Naomba hilo neno la mwisho mlikate kwa mkasi kwenye zile zilizobaki kwenye rafu. Kijana wa skuli anayetaka kuangalia filamu na kuandika kazi zake ile ni kadi nzuri, haipigi kelele na haili umeme wa Tukuza. Muuzieni huyo.

Kadi ipo kwa jamaa yangu aliyeko Mlandege, hapo hapo mjini Unguja, tangu juzi, ndani ya mfuko wake na boksi lake, skrubu zote zimo. Mtu wenu anaweza kuifuata kwa miguu, namba ya jamaa mnayo. Mkichagua kunibadilishia, basi kadi itakayokuja ifungwe kwanza kwenye kompyuta yenu hapo hapo dukani, ifunguliwe OBS, na nipigiwe picha ya orodha ya enkoda jina la NVENC likisomeka. Dole gumba sipokei tena. Baada ya Idd el Hajj nina harusi mbili, moja Konde na moja Chake, na ya Konde bibi yake yuko Muskat vile vile.

Wassalaam,

Mteja wenu,
mpiga video za harusi, Wete

Viambatisho: nakala ya risiti, mazungumzo ya WhatsApp ya 18 Aprili, faili la kumbukumbu la OBS la 27 Aprili.