Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni. Karibuni Moshi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miti tuliyopanda na shimo la taka tulilochimba mwaka huu utaviona ukizungushwa. Risala hii tumeiacha iwe ya sigara.

Hatua chache kutoka getini kuna kibanda cha vocha, karanga na pipi. Sigara huuzwa moja moja, na kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba pale dirishani ili mteja ajiwashie. Chenji ya daladala inatosha. Mwenzetu akirudi darasani huwa anatafuna majani ya mpera. Walimu, mtusamehe, harufu hiyo mnaijua.

Tukimwambia aache, anajibu kwamba babu yake kule Kibosho amevuta tangu ujana na bado anapalilia kahawa. Jibu hilo lilitusumbua. Ndipo tukasoma kwamba Marekani madaktari waliwahi kuchunguza miili ya vijana wa miaka 15 hadi 34 waliokufa kwa ajali na mikasa mingine, si kwa maradhi. Mishipa yao ilikwishaanza kushika mafuta. Waliokuwa wakivuta ndio waliozidi, hasa kwenye mshipa mkuu unaopita tumboni. Vijana wa miaka 15, Mheshimiwa! Wengi wetu hapa tumeshaupita umri huo.

Nikotini hupandisha presha na mapigo ya moyo papo hapo. Ndani ya moshi kuna gesi ileile ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Hukalia nafasi ya oksijeni katika damu. Ukuta wa mshipa hudhurika, lehemu, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, ikapata pa kujishikiza. Mvutaji akiwa pia na unene, presha au sukari, mzigo unaongezeka. Anayeacha, baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hushuka karibu nusu.

Tunaomba mashine ya kupimia presha. Tunayotumia ni ya kuazima, na mkanda wake umeachia, mmoja wetu huushikilia kwa mkono.

La pili ni kibanda. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Tumemfuata mwenyewe mara mbili, alitupa pipi. Hatuombi afukuzwe, watoto wake tunasoma nao. Tunaomba uongozi wa mtaa ufike, kile kiberiti kishushwe, karanga zibaki.

Tunaomba kuwasilisha.