Msiishie kwenye lehemu ya jumla

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye kisukari cha aina ya pili kuhusu karatasi ya majibu ya kipimo cha mafuta kwenye damu. Wengi husoma mstari wa lehemu (kolesteroli) ya jumla tu. Ukiwa sawa, karatasi inakunjwa.

Chukua majibu haya: lehemu ya jumla 4.8, trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) 3.4, lehemu nzuri (HDL) 0.8, zote milimoli kwa lita. Jumla haitishi. Ila trigliseridi zinatakiwa chini ya 1.7, na lehemu nzuri izidi 1.0 kwa mwanaume, 1.3 kwa mwanamke. Toa 0.8 kwenye 4.8: zinabaki 4.0 za lehemu ya kuziba mishipa. Kwa mwenye kisukari hizo ni nyingi.

Trigliseridi kupanda na lehemu nzuri kushuka si bahati mbaya. Mwili usipoisikia insulini, mafuta ya akiba humwagika kwenye damu, na ini huyageuza trigliseridi. Zikizidi, hubadilishana mzigo na lehemu nzuri, ambayo ikishajazwa trigliseridi huvunjwa na kutolewa upesi. Ndiyo maana kula parachichi la Njombe ili "kupandisha nzuri", huku pombe ya ulanzi au komoni iko palepale na chai ina vijiko vitatu vya sukari, ni kutia maji kwenye pakacha. Anza na pombe, soda na sukari. Punguza tonge la sembe, na viazi visikae sahani moja na ugali. Dawa za kupandisha lehemu nzuri zimejaribiwa: torcetrapib ilisimamishwa mwaka 2006 kwa kuwa vifo viliongezeka. Aliyeandikiwa statini, dawa ya kushusha lehemu mbaya, asiiache.

Kipimo nacho huharibika kirahisi. Ukinywa chai ya maziwa na chapati kabla ya kutolewa damu, trigliseridi hupanda. Ukiambiwa ufunge, funga kwa muda wa saa 9 hadi 12, maji tu. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari aulize kwanza, asije akaishiwa sukari njiani. Angalia na kizio: trigliseridi 1.9 za maabara inayotumia milimoli ni 168 za nyingine inayotumia miligramu kwa desilita. Hakuna kilichopanda.

Trigliseridi zikivuka milimoli 10, hatari ya haraka ni kongosho kuvimba. Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, hayasubiri tarehe ya kliniki.

Mtaalamu wa maabara,
Iringa