Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Raymond Poincaré, Rais wa Ufaransa 1913–1920

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu katika maonyesho yetu. Ubao ulio mbele yako unamhusu Raymond Poincaré, Rais wa Ufaransa kuanzia Februari 1913 hadi Februari 1920. Tumemchagua kwa sababu aliacha kiti chenye nguvu, cha Waziri Mkuu, akaenda kukalia kiti chenye heshima, cha urais.

Alizaliwa Bar-le-Duc tarehe 20 Agosti 1860. Wakili kwa taaluma, aliingia bungeni mwaka 1887, akawa Waziri wa Elimu mwaka 1893 akiwa na miaka 32, na Waziri Mkuu Januari 1912. (Mwanahisabati Henri Poincaré ni binamu yake, wengi huwachanganya.)

Mheshimiwa, rais wa wakati ule hakuchaguliwa na wananchi. Maseneta na wabunge walikutana Versailles, wakapiga kura hadi mmoja apate zaidi ya nusu. Tarehe 17 Januari 1913, katika duru ya pili, Poincaré alipata kura 483 na Jules Pams 296. Muhula ulikuwa miaka saba, ila sheria ya mwaka 1875 ilidai kila hati ya rais iwe pia na sahihi ya waziri. Wala hakuruhusiwa kuhutubia Bunge mwenyewe: ujumbe wake wa tarehe 4 Agosti 1914, wa kuwataka Wafaransa wawe kitu kimoja katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ulisomwa na Waziri Mkuu René Viviani.

Wiki mbili kabla ya hapo wote wawili walikuwa Urusi. Austria ilisubiri waondoke ndipo ikaikabidhi Serbia masharti yake makali kuhusu kuuawa kwa mrithi wa kiti chake cha enzi, jioni ya tarehe 23 Julai. Viongozi hao wakawa baharini wakati Ulaya inawaka, na walifika Dunkerque tarehe 29.

Novemba 1917 alimteua Georges Clemenceau kuwa Waziri Mkuu, mtu aliyekuwa akimshambulia magazetini. Kwa maoni yetu huo ndio uamuzi wake mkubwa kuliko yote akiwa rais, na ndio uliomweka kando, maana Clemenceau aliongoza vita na mazungumzo ya amani kwa mkono wake. Mkataba wa Versailles wa 1919, ulioinyang'anya Ujerumani makoloni yake, Tanganyika ikiwemo, haukuwa na masharti aliyoyataka Poincaré.

Nguvu aliipata tena alipoondoka Ikulu. Akiwa Waziri Mkuu, Januari 1923 alipeleka jeshi Ruhr, eneo la Ujerumani lenye migodi ya makaa ya mawe, kudai fidia ya vita. Makaa ya mawe yakapatikana kwa shida kwa kuwa wafanyakazi waligoma. Julai 1926 aliitwa kuokoa faranga, sarafu ya Ufaransa, iliyokuwa ikishuka thamani. Kiini cha tatizo kilikuwa hati fungani za muda mfupi, yaani hati za watu walioikopesha serikali: muda ulipoisha, wenye nazo walitaka fedha zao badala ya kuikopesha tena. Alipandisha kodi, kisha akaunda mfuko maalumu wa kulipa deni uliotengewa mapato ya tumbaku na kulindwa na katiba. Juni 1928 faranga iliwekwa kwenye miligramu 65.5 za dhahabu, takribani moja ya tano ya thamani ya kabla ya vita. Waliokuwa wameikopesha serikali kwa faranga za zamani ndio waliobeba hasara.

Alijiuzulu Julai 1929 kwa maradhi, akafariki Paris tarehe 15 Oktoba 1934.

Mheshimiwa, klabu inaomba ramani kubwa ya Ulaya ya mwaka 1914 na projekta moja.

Tunaomba kuwasilisha.