Mheshimiwa Waziri, naomba karatasi ya hesabu

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya sanaa,
Dodoma.

Mheshimiwa, shikamoo.

Mwezi uliopita nilipanda basi stendi ya Msamvu, hapa Morogoro, kwenda Dodoma. Tulipoiacha Dumila kondakta akachomeka flashi nyingine kwenye runinga ya mbele, na wimbo wa tatu ulikuwa wangu. Gitaa nimepiga mwenyewe, sauti yangu, na video ni ile tuliyoichukua kwa simu ya rafiki yangu kando ya Mto Ngerengere. Mama wa kiti cha pembeni alikuwa anaufuatisha maneno yote, hadi pale kwenye ubeti wa pili ambapo mimi mwenyewe huwa najikwaa. Nilijifunika mtandio nikanyamaza. Gairo, watu waliposhuka kuchimba dawa, nikamfuata kondakta nikamuuliza flashi kaitoa wapi.

"Pale pale stendi, dada, kibandani. Elfu mbili anakujazia mpaka mwisho."

Nikamwambia wimbo wa tatu ni wa kwangu. Akacheka, akanitazama usoni, akageuka kuitazama runinga, akacheka tena. "Basi hongera!" Nauli nilikuwa nimeshalipa.

Sikuandikii kumshtaki kondakta, wala kijana wa kibanda. Kusema kweli, siku ile nilifurahi. Nakuandikia kwa sababu asubuhi ya siku hiyo hiyo, nikisubiri basi, nilikuwa nimefungua simu kutazama dashibodi ya msambazaji wangu, ule ukurasa unaoonyesha nyimbo zangu zimesikilizwa wapi na mara ngapi. Ni kampuni ya nje ninayoilipa dola 20 na ushei kwa mwaka ili inipelekee nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni: Boomplay, Audiomack, Spotify, YouTube na kwingineko. Dashibodi iliniambia wiki ile nimesikilizwa na watu 14 Muscat, 9 Nairobi, na mmoja Minneapolis. Huyo wa Minneapolis yuko peke yake tangu Januari, nimeshaanza kumuombea dua. Kwa hiyo najua kuna mtu mmoja Marekani ananisikiliza, lakini basi lililojaa watu linalopita mbele ya kwetu likipiga wimbo wangu, nalijua kwa bahati ya kukaa ndani yake.

Hela za huko mtandaoni ni kidogo, nisikufiche. Mwaka jana nyimbo zangu tisa zilisikilizwa zaidi ya mara 60,000, nikapata dola 47. Toa ada ya msambazaji, toa makato ya kuihamisha hela mpaka ifike kwenye simu, ninabaki na nyuzi za gitaa. Na sababu zake ninazielewa. Majukwaa haya hayana bei moja kwa kila usikilizaji. Yanakusanya hela ya matangazo na ya wanaolipia kwa mwezi, yanakata fungu lao, kinachobaki kinagawanywa kulingana na sehemu ambayo kila wimbo umesikilizwa. Mteja wa Morogoro analipia kidogo kuliko wa London, na tangazo linaloonyeshwa hapa linauzwa rahisi, kwa hiyo masikio elfu ya kwetu hayaleti kinacholetwa na masikio elfu ya kule. Tena tangu 2024 Spotify hawalipi kabisa wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12. YouTube nao, ili uanze kula hela ya matangazo kwenye video za kawaida, wanataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka, na hata hapo hela haitoki mpaka itimie dola 100.

Ni masharti ya mwenye nguvu, na sidhani kama wewe ukiwa Dodoma unaweza kuyabadilisha. Lakini yameandikwa, na kila mwezi naletewa karatasi: wimbo huu, nchi hii, mara ngapi, senti ngapi. Nikipunjwa, najua nimepunjwa wapi.

Sasa njoo nyumbani. Kampuni moja ya simu iliweka wimbo wangu kwenye miito, ile ya mtu kukupigia akasikia muziki badala ya mlio. Mwaka mzima nikapata meseji mbili. Ya kwanza ilinipongeza. Ya pili ilileta shilingi 11,400. Watu wangapi walijiunga, kwa bei gani, kampuni ilichukua nini, wakala wa katikati alichukua nini, kimya. Nilipompigia wakala akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kwani hiyo hela huitaki?"

Ninaitaka. Lakini 11,400 inaweza kuwa haki yangu yote na inaweza kuwa makombo, na mimi niliyeutunga wimbo sina namna ya kutofautisha. Ndiyo maana ombi langu ni moja tu: hesabu. Hata tamasha siombi, wala tuzo.

Baba yangu mkubwa alipiga besi kwenye bendi ya kiwanda. Enzi zile bendi zilikuwa na wenyewe: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Vyombo ni vya mwajiri, mshahara mwisho wa mwezi. Walirekodi Redio Tanzania, na baadhi ya nyimbo zinapigwa mpaka leo Jumapili mchana watu wakiwa wamevimbiwa pilau. Baba mkubwa hakumiliki hata wimbo mmoja, ila alisomesha watoto watano. Mimi ninamiliki nyimbo zote tisa, hakuna lebo, hakuna meneja, hakuna wa kugawana naye, na mtoto wangu mmoja namsomesha kwa sendofu.

Naam, sendofu na kicheni pati. Huko ndiko kunakonilisha. Mama wa bibi harusi ananitumia majina kwa WhatsApp, namtungia binti wimbo kwa laki moja na nusu, na lazima mashangazi wote waingie. Nikimsahau shangazi mmoja, nusu ya hela haitoki. Nyimbo hizo huimbwa usiku mmoja tu, zikaishia kwenye simu za wanakamati. Miaka hii Kwaresima na Ramadhani zinapogongana, ninakaa wiki sita sina shoo, na hapo ndipo mtu unapoanza kufungua dashibodi mara nne kwa siku kama mgonjwa anayepimwa joto.

Nirudi kwenye flashi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilianzisha tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Niliposikia nilishangilia, na bado naona wazo lenyewe ni zuri: huwezi kumkimbiza kila anayenakili, basi kata kidogo kwenye kifaa, umpe aliyenakiliwa. TRA wanakusanya. Lakini itakapofika siku ya kugawa, Mheshimiwa, jina langu mtalipata wapi? Mkifuata orodha za redio mtawalipa wanaopigwa redioni, na kupigwa redioni kuna mambo yake. Mtangazaji mmoja aliwahi kuniambia wimbo wangu ni mtamu ila "hauna mafuta". Nilichelewa kuelewa kwamba mafuta ni ya gari lake.

Ukitaka kujua kinachosikilizwa na dereva wa bodaboda, mama wa genge, fundi gereji, watu ambao bando lao ni la WhatsApp na hawawezi kulichoma kwa kusikiliza muziki kutwa, usiende redioni. Nenda Msamvu kwa yule kijana. Ana kompyuta moja, feni moja, na nyimbo kwa maelfu zilizopangwa kwenye mafolda: za kanda ya ziwa, za injili, singeli, taarabu, na folda moja ameiita "za safari" ambamo nimo mimi. Nilienda kumtembelea. Aliponitambua alitaka kukimbia! Tulipoelewana akaniambia kwa kichwa, bila kuangalia popote, nyimbo kumi zinazoombwa zaidi mwezi huo. Nne kati yake sijawahi kuzisikia kwenye redio yoyote. Serikali ina mtafiti wa bure pale stendi, na inachofanya ni kumtisha kwa msako, afunge wiki moja, afungue tena.

Mimi ningempa leseni ya bei ya kibanda cha chipsi, pamoja na programu ndogo inayoandika kila faili anayoinakili. Nyimbo zilizotoka kidijitali karibu zote zina ile namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, ISRC. Namba hiyo ikiunganishwa na usajili wa kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya serikali, orodha ya kibanda, ya basi na ya baa zitasoma kitu kimoja na orodha ya redio. Sidai ni kazi rahisi. Faili nyingi pale kibandani zimeandikwa "track 07" au jina la DJ aliyezichanganya, na itachukua muda kuzisafisha. Lakini tusisubiri kila kitu kikamilike. Unakumbuka stika za kodi kwenye CD? Zilikuja 2013, wakati wanunuzi wa CD wenyewe wanahamia kwenye memori kadi. Tulibandika stika kwenye jeneza. Flashi nayo haitadumu milele.

Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha, yaani malipo ya kazi zao kutumika, ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii, tukapiga makofi, na makofi yalistahili. Baadaye sheria ikabadilishwa ili ziwepo taasisi binafsi za kukusanya na kugawa mirabaha. Ndiyo maana naandika sasa. Taasisi ikishazoea kulipa kwa meseji isiyo na maelezo, kuibadilisha tabia itakuwa vita, na vita hiyo sisi tunaopiga gitaa peke yetu hatuiwezi. Wenye lebo wana wanasheria. Mimi nina bando la wiki.

Nimejaribu kuandika kanuni yenyewe kwa lugha ya kwetu, wanasheria wako wataivalisha suti: kila anayekusanya au kulipa hela ya muziki ndani ya Tanzania, iwe redio, kampuni ya simu, wakala au taasisi ya mirabaha, kila miezi mitatu ampe mwenye wimbo taarifa inayosema wimbo gani, ulitumika wapi, mara ngapi, kiliingia kiasi gani, nani amekata nini, kimebaki nini. Na taarifa itolewe hata kama ni sifuri. Sifuri iliyoandikwa itanisaidia sana: nikiletewa sifuri ya redio na mimi nimejisikia redioni mara mbili nikiwa saluni, nitajua pa kwenda kuuliza.

Usiseme hili ni geni serikalini. Sheria ya Fedha ya 2024 ilileta kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hela haijakufikia, ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui wa mtandaoni. Sina ugomvi nayo. Lakini anayekata kodi ya zuio anatakiwa ampe aliyekatwa cheti kinachoonyesha kiasi alichokata. Maana yake kwenye kodi mmeshakubali kwamba mtu akiguswa hela yake lazima apewe karatasi. Naomba karatasi hiyo hiyo kwa hela inayokuja kwangu.

Na najua kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na kwamba wenzangu wamekopa wakanunua kamera na vyombo. Nawapongeza. Mimi nilipokwenda kuulizia mkopo sehemu fulani, dada wa dirishani aliniomba uthibitisho wa mapato ya miezi sita. Nikamwonyesha dashibodi, dola 47. Nikamwonyesha meseji ya 11,400. Akaniuliza kama sina biashara nyingine, nikamwambia sendofu, akaniuliza kama sendofu zina risiti. Tulicheka wote wawili, nikaondoka. Laiti ningekuwa na taarifa za miezi mitatu mitatu zenye mhuri, hata za hela ndogo, angekuwa na cha kuandika kwenye fomu yake.

Kabla ya mwezi kuisha nitakuwa Dodoma tena, nina sendofu Area C. Ukinipa dakika kumi nitakuja ofisini kwako na daftari langu. Kurasa za kushoto ni sendofu na kicheni pati, zimejaa mpaka pembeni, na majina ya mashangazi. Za kulia nimeandika juu kwa wino mwekundu: "Mabasi, redio, baa, miito." Chini yake ni peupe tangu 2021, maana sijui niandike nini.

Wako mtiifu,
mpiga gitaa wa Kihonda, Morogoro